Mji Uliokataliwa na Kompyuta

Hapo zamani, wala si zamani sana, mwaka 1996, kulikuwa na mji wa wafua chuma katika jimbo la Lincolnshire, Uingereza. Mji huo upo hata leo na jina lake ni Scunthorpe. Mwaka huo watu wake walikuwa ndiyo kwanza wanajiunga na intaneti, na kampuni ya Kimarekani iitwayo AOL ilikuwa ikiwauzia huduma hiyo. Mtu anakaa mbele ya kompyuta, anaandika jina lake, anaandika mtaa, anaandika mji, anabonyeza. Kompyuta inakataa. Anarudia polepole, huenda kidole kimeteleza. Inakataa tena.

Kidole hakikuteleza. Tatizo lilikuwa mji wenyewe. Katikati ya herufi za jina hilo limejibanza tusi zito la Kiingereza, herufi nne zilizofuatana. Msilitafute. Haya, najua mtalitafuta tu. Mkilipata msilitamke mbele ya wakubwa. Programu ya AOL ilikuwa imeagizwa jambo moja: ukiona herufi hizi, kataa. Haikuwa na habari kwamba Scunthorpe ni mji, wala kwamba jina hilo, kwa tahajia yake ya kale, limo katika daftari la ardhi lililoandikwa kwa amri ya mfalme mwaka 1086. Na dawa ya kwanza ya kampuni ilikuwa kichekesho kuliko ugonjwa: mji uandikwe Sconthorpe. Yaani programu ibaki ilivyo, mji ndio urekebishwe!

Mpaka leo wahandisi wa kompyuta wanaliita kosa la namna hii "tatizo la Scunthorpe". Wakazi wa huko hawakuomba umaarufu huo.

Msiwacheke Waingereza peke yao. Kiswahili nacho kina vitenzi vya heshima kabisa, tunavitumia darasani, msikitini na kanisani, ambavyo ukivikata baada ya herufi ya nne vinageuka matusi. Kuna mji mkubwa wa Ghana, na mwingine wa Japani, ambao mwalimu wa jiografia akiutaja darasa zima linainamisha vichwa chini ya madawati. Mimi sitaji kitu. Nasema tu kwamba kichujio cha mtindo ule wa AOL, kikiletwa Unguja au Mombasa, kitafunga hotuba za viongozi, barua za kuomba kazi na nusu ya gazeti la Jumapili.

Kule Kanada nako kulikuwa na jarida la historia, lililoanzishwa mwaka 1920 na kampuni kongwe ya biashara ya manyoya. Jarida liliitwa The Beaver, jina la mnyama mwenye meno makubwa na mkia bapa, anayeangusha miti na kujenga mabwawa mitoni. Manyoya yake ndiyo yaliyoitajirisha kampuni hiyo. Kwa bahati mbaya, kwa Kiingereza cha mitaani jina la mnyama huyo lina maana nyingine, ya mambo ya faragha. Barua pepe za jarida zikawa zinatupwa na vichujio kabla hazijamfikia msomaji. Mwaka 2010, likiwa na umri wa miaka 90, jarida likabadili jina na kuitwa Canada's History. Vichujio havikuwa sababu pekee, ila wenyewe walivitaja miongoni mwa sababu.

Hizo ni hadithi za kuchekesha, na ndiyo maana nimeanza nazo. Ila kuwinda herufi ni njia moja tu ya kuzuia mambo mtandaoni. Ipo nyingine, ambayo nayo ilianza miaka hiyohiyo ya 1990 na ndiyo inayotawala sasa. Ni kuzipanga tovuti zenyewe kwa makundi, kisha kufunga kundi zima kwa mkupuo. Kosa la herufi kila mtu analiona na kulicheka. Kosa la kundi linaweza kukaa miaka bila mtu kulijua.

Tuangalie orodha moja ya zamani. Kulikuwa na programu iitwayo Cyber Patrol, ikiuzwa kwa wazazi na shule za Marekani. Orodha yake ya vitu visivyofaa ilikuwa na makundi 12. Mengine mngeyatarajia: picha za uchi, ukatili na matusi, dawa za kulevya, pombe na tumbaku, chuki dhidi ya watu wengine. Lakini someni vizuri. Kundi moja lilikuwa la ushetani na madhehebu ya ajabu. Nani anaamua dhehebu lipi ni la ajabu? Lingine lilichanganya pamoja kamari, mambo yaliyo kinyume cha sheria, na mambo "yenye kutia shaka". Mambo yenye kutia shaka! Humo unaweza kumwingiza hata mjomba wako. Na kundi jingine, ndani ya orodha hiyohiyo ya vitu visivyofaa, lilikuwa elimu ya jinsia. Mzazi hakulazimika kulifunga, lakini tayari lilikuwa limekalishwa benchi moja na ushetani na mihadarati.

Hebu sasa niwaeleze mitambo inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani kuna mtu amekaa mahali anaangalia unachosoma. Mara nyingi hakuna mtu.

Unapogonga anwani ya tovuti kwenye simu, jambo la kwanza simu inauliza njia: jina hili linapatikana kwenye namba gani? Swali hilo linajibiwa na seva maalumu ya majina. Baada ya kupata namba, simu inabisha hodi kwenye tovuti, na tovuti inaleta ukurasa. Kichujio kinaweza kukaa popote katika safari hiyo: ndani ya simu yenyewe, kwenye kisanduku cha mtandao cha shule, kwa kampuni inayokuuzia bando, au kwenye lango la nchi nzima. Popote kilipo, kazi yake ni ileile. Kinachukua jina la tovuti unayoitaka, kinalitafuta kwenye hifadhi kubwa ya majina, kinasoma kundi lililoandikwa pembeni, kisha kinatazama kanuni za hapo: kundi hili hapa linaruhusiwa au la? Likiruhusiwa, unapita bila hata kujua kwamba umekaguliwa. Lisiporuhusiwa, unaletewa ukurasa wa kukataliwa, au unaona kiduara kinazunguka mpaka unachoka.

Yote hayo yanapita kwa kufumba na kufumbua. Na mmeona kwamba kuna watu wawili tofauti hapo. Mmoja aliandika kundi pembeni ya jina la tovuti. Mwingine alichagua makundi ya kufunga. Huyu wa pili mnaweza kumfahamu: ni mwalimu wa kompyuta, ni baba, ni ofisa wa serikali. Yule wa kwanza hamumjui, na uwezekano mkubwa ni kwamba hata yule wa pili hamjui. Ni kampuni iliyoko mbali, yenye mamilioni ya tovuti za kupanga, inayotumia mashine kusoma haraka haraka na watu wachache kurekebisha.

Aliyewahi kukaa kwenye soko la mitumba, Karume au Gikomba, atanielewa upesi. Robota linafika limebanwa kwa mikanda, juu yake pameandikwa "mashati ya watoto". Lebo hiyo imeandikwa ng'ambo na mtu ambaye hutamwona maisha yako yote. Unalipa kwanza, ndipo unakata mikanda na kuona ulichonunua: huenda mashati, huenda mapazia. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa mitumba hatimaye anafungua robota. Mnunuzi wa kichujio halifungui kamwe. Analiweka mlangoni likiwa limefungwa, na kuwaambia watu wote wasipite.

Tena kulifungua kulikuwa hatari. Kampuni nyingi ziliificha orodha yao kwa namba za siri, zikisema ni mali ya biashara. Mwaka 1996 kijana wa Kimarekani aitwaye Bennett Haselton, mwanafunzi wa chuo, alianzisha kikundi kilichoitwa Peacefire, hasa kwa ajili ya vijana wa umri wenu, kuchunguza ni nini kilichozuiwa ndani ya programu hizo. Mwaka huohuo waandishi wawili wa habari, wakisaidiwa na mtaalamu wa programu aitwaye Seth Finkelstein, walifichua kwamba programu moja ya kulinda watoto, CYBERsitter, ilikuwa imeifungia tovuti ya shirika kubwa la kutetea haki za wanawake Marekani. Hapakuwa na picha chafu pale. Palikuwa na siasa. Mzazi aliyenunua programu ili mwanawe asikutane na uchafu alikuwa, bila kujua, amenunua na msimamo wa kisiasa wa mtu mwingine.

Finkelstein hakuishia hapo. Sheria mpya ya hakimiliki ya Marekani ilikuwa inatishia kumwadhibu yeyote anayevunja kufuli la kidijitali, hata kama anataka tu kusoma orodha. Akapeleka hoja zake, na mwaka 2000 maktaba kuu ya taifa hilo, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kutoa misamaha, ikaruhusu watu kufungua orodha za vichujio ili kuona kilichozuiwa. Ulikuwa mmoja wa misamaha miwili tu iliyotolewa mwaka huo.

Mwaka huohuo wa 2000, mwezi Desemba, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulinda watoto kwenye intaneti. Shule na maktaba zinazopokea msaada wa serikali kuu kwa ajili ya intaneti zikaagizwa kuweka kichujio cha picha chafu. Zikikataa, zinakosa msaada. Chama cha wakutubi kikaenda mahakamani. Wakutubi ni watu wapole, lakini ukiwagusia kitabu wanabadilika. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna kichujio kinachoweza kufunga yale tu yanayotajwa na sheria. Vyote vinafagia na vitu vya halali. Mahakama ya Philadelphia ikakubaliana nao. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji sita dhidi ya watatu, ikasema sheria ibaki. Jambo lililowatuliza baadhi ya majaji ni kwamba mtu mzima akikuta ukurasa umefungwa anaweza kumwomba mkutubi aufungue.

Mimi hapo nina neno. Fikirini mtu mwenye aibu, ana upele mahali asipotaka kupataja, ameingia maktaba asome kimya kimya kuhusu ugonjwa wake. Kichujio kimemkatalia. Je, atasimama aende kaunta, mbele ya foleni, aseme anataka kufunguliwa ukurasa gani? Anavaa kofia yake, anaondoka.

Na hilo la magonjwa sikulitoa hewani. Mwishoni mwa mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakifanya kazi na taasisi ya afya ya Kaiser, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo naliona ndilo lenye maana kuliko mengine yote katika habari hii. Walichukua vichujio vilivyotumika sana mashuleni, wakavipa kurasa za afya zipatazo 3,000 na mamia ya kurasa za picha chafu. Kisha wakajaribu kila kichujio kikiwa kimelegezwa, kikiwa katikati, na kikiwa kimekazwa mpaka mwisho. Mzazi mwenye wasiwasi hufanya nini akikabidhiwa kitufe cha namna hiyo? Anakikaza mpaka mwisho. Ndivyo upendo unavyomtuma.

Vikiwa vimelegezwa, vichujio vilikamata wastani wa kurasa 87 kati ya 100 za picha chafu, na kwa bahati mbaya vikafunga asilimia 1.4 ya kurasa za afya. Hasara ndogo, mtu anaweza kuivumilia. Vikakazwa. Sasa vikakamata 91 kati ya 100 za picha chafu. Nne zaidi tu! Lakini kurasa za afya zilizofungwa zikaruka mpaka 24 kati ya 100. Karibu robo ya maelezo ya afya yamekwenda na maji ili kuongeza kurasa nne tu katika kila mia kwenye zile zilizokwisha kunaswa. Na zile tisa zilizobaki bado zinapita, kichujio kikiwa kimekazwa mpaka mwisho.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu unapokaza, programu haipati macho makali zaidi. Inachofanya ni kuongeza makundi kwenye orodha ya yaliyofungwa. Mwanzo ilifunga "picha za ngono". Ukikaza, inafunga "uchi", kisha "elimu ya jinsia", kisha "mavazi ya ndani", kisha "dawa". Kila kundi linaloongezwa lina watu wema wengi zaidi na wabaya wachache zaidi.

Waingereza walilipitia somo hilo tena miaka kama kumi baadaye, mwaka 2013, serikali yao iliposhinikiza kampuni za intaneti ziwape wateja vichujio vya nyumbani. Mwezi Desemba mwaka huo watu wakaanza kujaribu. Kampuni moja ya simu, O2, ilikuwa na mpangilio wa watoto wa chini ya miaka 12 ulioruhusu tovuti chache tu zilizoidhinishwa. Watu wakaangalia: je, Childline imo? Childline ni huduma ambayo mtoto wa Uingereza anayepigwa au kuteswa anaweza kuikimbilia aongee na mtu. Haikuwamo. Mwaka uliofuata shirika liitwalo Open Rights Group likajaribu tovuti 100,000 zinazotembelewa sana, na likakuta karibu moja katika kila tano imezuiwa na angalau kichujio kimoja. Miongoni mwao alikuwamo muuza magari ya Porsche. Bei zake labda zinatisha watoto.

Sasa tuvuke bahari, twende kwa jamaa zetu. Wengi wenu wa Unguja, Pemba na Mombasa mna shangazi au binamu Muscat au Dubai. Mnaijua kero ya simu waliyoizoea kwa miaka mingi: ujumbe wa WhatsApp unaingia, sauti iliyorekodiwa inaingia, picha za harusi zinaingia, lakini ukipiga simu kwa WhatsApp, kimya. Nani kaiharibu simu ya shangazi? Hakuna aliyeiharibu. Kwa miaka mingi Oman na Falme za Kiarabu zililifungia kundi liitwalo simu za intaneti, kwa kuwa wadhibiti wao wa mawasiliano walitaka huduma ya sauti iuzwe na kampuni zenye leseni. Kundi hili halina uchafu wala hatari kwa mtoto. Lilifungwa kwa ajili ya biashara na sheria ya leseni. Mnaona jinsi kitufe kilekile kilivyo mtumishi wa mabwana wengi.

Huko huko Ghuba, mwaka 2006, wasomaji wa Falme za Kiarabu na Qatar walikuta jarida moja la mtandaoni la Kimarekani, Boing Boing, halifunguki. Ni jarida la teknolojia, vitabu na vituko. Wahariri wakafuatilia wakagundua kwamba kampuni ya kichujio kiitwacho SmartFilter ilikuwa imelipachika kwenye kundi la "uchi" kwa sababu ya picha chache mno miongoni mwa maelfu ya makala. Serikali hazikuwa zimelisoma wala kulihukumu. Zilikuwa zimefunga kundi, na mtu aliye mbali alikuwa ameandika lebo. Mwaka 2011 watafiti wa OpenNet Initiative wakatoa ripoti ikionyesha kwamba nchi tisa za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, Oman ikiwamo, zilitumia programu za kampuni za Magharibi kwa kazi hiyo. Ukisikia watu wa Magharibi wakiwasema Waarabu kwa kufunga mtandao, kumbuka kufuli lilinunuliwa wapi.

Na makosa hayakwisha. Mwaka 2018 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walichunguza kichujio kingine, Netsweeper cha Kanada, kilichotumika katika nchi nyingi. Katika kundi la "ponografia" wakakuta baadhi ya tovuti ambazo hata mkiambiwa hamtaamini: tovuti ya Shirika la Afya Duniani ilikuwamo. Gazeti la Christian Science Monitor lilikuwamo. Hawa ni watu wanaoandika kuhusu chanjo na mambo ya dunia.

Afrika Mashariki tulipata somo letu wenyewe, kwa njia ya kodi. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa yeyote anayetaka kutumia mitandao ya kijamii. Rais Museveni alikuwa amelalamika juu ya umbeya unaoenezwa humo. Usipolipa, Facebook, WhatsApp na Twitter hazifunguki, intaneti nyingine inafunguka. Ili kodi hiyo ikusanywe ilibidi kwanza kundi litengenezwe: zipi ni huduma za kijamii, zipi si za kijamii? Mama muuza ndizi anayepokea oda kwa WhatsApp aliambiwa kwamba yuko kwenye umbeya. Watu wakakimbilia VPN, programu zinazopitisha mawasiliano kwenye njia ya kificho ili kichujio kisione unakwenda wapi. Nazo hizo, bila shaka, zina kundi lao kwenye orodha za vichujio, kundi la wakwepaji, na wengi hulifunga kabla ya mengine yote. Kodi hiyo ilidumu miaka mitatu, kisha mwaka 2021 ikaondolewa na kuwekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando.

Msije mkaenda nyumbani mkasema babu kasema vichujio ni vibaya. Sikusema. Kuna makundi ambayo mimi mwenyewe ningeyafunga usiku huu: tovuti za matapeli zinazojifanya benki ili uwape namba ya siri, tovuti zinazopandikiza virusi kwenye simu, na zile zinazouza picha za watoto walioumizwa. Makundi hayo ni rahisi, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili atakayesimama kuyatetea. Kazi ngumu ni mengine yote: "silaha", ambamo anaingia muuza bunduki na pia mwanahistoria wa vita vya Maji Maji, "michezo", ambamo wanaingia wavulana wanaopoteza usiku mzima na pia klabu ya sataranji ya shule, "dini", "siasa", "mahusiano".

Na kuna kundi moja ambalo naona linatugusa sisi kuliko wengine. Linaitwa "haijapangwa". Tovuti mpya au ndogo ambayo hakuna mashine wala mtu aliyewahi kuisoma inatupwa humo. Wasimamizi wengi wa mitandao hulifunga kundi hilo kwa tahadhari, wakisema matapeli hupenda kufungua tovuti mpya kila siku, na hapo wana haki. Lakini humo humo wamo mwalimu wa Kigoma aliyeweka mazoezi ya hisabati kwa Kiswahili, na ushirika wa wavuvi wa Lamu ulioweka bei za samaki. Mashine za kupanga zilifundishwa zaidi kwa Kiingereza, na ukurasa wa Kiswahili si wa kwanza kwenye foleni yao.

Hivyo mkikutana na ukurasa wa kukataliwa, msiufunge kwa hasira. Usomeni. Mara nyingi umeandika, kwa herufi ndogo, jina la kundi na jina la kampuni iliyotengeneza kichujio. Kampuni nyingi kubwa zina mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuandika anwani ya tovuti na kuona imewekwa kundi gani, na chini yake pana fomu ya kuomba ihamishwe. Unataja tovuti, unataja kundi unaloona linafaa, unaeleza kwa sentensi mbili. Huhitaji kuwa mtaalamu. Kama tatizo si lebo bali ni uamuzi wa shule kufunga kundi lote, basi fomu hiyo haitakusaidia. Mtu wa kuongea naye ni mwalimu, na mwalimu huwa anasikiliza zaidi akiletewa jina la kundi na orodha ya kurasa mnazohitaji kuliko akiletewa manung'uniko.

Kabla hamjaondoka, nawapa kazi. Tuseme kuna tovuti inayofundisha bao: kete, mashimo, jinsi ya kupanga mbele, historia ya mabingwa wa zamani wa Zanzibar, na ukurasa mmoja unaoeleza jinsi wazee walivyokuwa wakiwekeana dau la kahawa. Nyinyi ndio kampuni. Mna makundi manne: michezo, utamaduni, elimu, kamari. Tuseme pia kwamba shule imefunga michezo na kamari, hivyo lebo mtakayochagua ndiyo itakayoamua kama darasa la tano litaiona. Kaeni wanne wanne. Asha, wewe usikae na kaka yako, nyinyi wawili mnakubaliana haraka mno.